Rangi Katika Maji ya Udhu

"Samaki ya Pweto imefika ku soko."

Sauti ya Mkuu Chola ilitoka katika kiredio cha Motorola kilichofichwa ndani ya kofia ya pikipiki.

Mounira alikaza mkono wa kulia, pikipiki yake ya Boxer ikaruka mbele kwenye barabara ya Kinsevere.

Samaki mwenyewe alikuwa lori. Howo jeupe lenye tangi mgongoni, namba za mkia zimepakwa tope makusudi, linakimbia na kutimua vumbi jekundu asubuhi ya Ijumaa. Ndani ya tangi hamkuwa na mafuta kama ilivyoandikwa ubavuni. Mlikuwa na tindikali chafu ya kiwanda cha kobalti, ile ambayo ikimwagika kwenye majani, majani hukauka ukiyaangalia.

Mounira aliliacha lori litangulie. Alilipa nafasi, akazipita baiskeli mbili za makaa, akalirudia. Dereva akatazama kioo, akamwona msichana wa mjini mwenye jinzi na begi la mgongoni, hakumtilia maanani.

Kosa la kwanza la siku hiyo.

Mtaani kwao Kimasala, Mounira alijulikana kuwa anauza simu katika duka moja katikati ya Lubumbashi. Ndivyo alivyomwambia mjomba wake, Papa Yassine, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kweli duka lilikuwapo. Simu zilikuwapo. Ila nyuma ya duka palikuwa na mlango mwingine, na nyuma ya mlango huo palikaa Mkuu Chola wa Idara ya ujasusi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu na roho ngumu, ambaye ndiye aliyempa bastola ya Browning na jina la Njiwa.

"Njiwa, uko wapi?"

"Miko nyuma yake. Anakata kushoto. Anaingia Kasombe."

"Vile vile tulisema. Usimuguse. Ngoja patron yake afike. Ukiona bananyoosha tuyau, mupira ya tangi, uniambie paka kitu kimoja: nguo imekauka. Tutakuya."

"Compris."

Kasombe ulikuwa mgodi wa shaba, na mwenyewe aliitwa Brask. Alikuwa mgeni, mrefu, mpole wa maneno, mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mgodi wake ulikuwa unaisha. Shaba iliyobaki ilikuwa chini ya mtaa wa Kimasala, chini ya nyumba, shule na msikiti wa watu ambao babu zao walitoka Maniema na kujenga hapo. Brask aliwaomba wahame, wakakataa. Akawaomba kwa tabasamu zaidi, wakakataa zaidi. Tangu hapo hakuwaomba tena, na Idara ikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Maana kuna njia nyingine ya kumhamisha mtu. Unaharibu maji yake.

Hayo Mounira alikuwa amefundishwa na Elisée, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi kutoka chuo kikuu, kule Kasapa, aliyeletwa na Idara kuisaidia kazi hii. Elisée alikuwa mtu wa familia ya Kikatoliki, babu yake alikuwa fundi wa reli, na alikuwa mwalimu mzuri kweli. Kwa wiki nzima alikuwa amemchorea Mounira ardhi kwenye karatasi za duka. Kule Luena, alisema, kwenye makaa ya mawe, maji hupita katika nyufa za makaa yenyewe, udongo mzito ukiyabana juu na chini. Huku Kasombe njia yao ni jiwe jeupe lililotoboka-toboka, nalo limebanwa na mwamba mweusi ambao maji hayaupenyi. Kampuni ya Brask huwaambia wakubwa kwamba mwamba huo ni ukuta kati ya mgodi na mtaa. Lakini ukuta umevunjika mahali pamoja, ndani ya njia ya zamani ya wachimbaji, na hapo maji yana mlango.

Mounira alimwuliza maji hayo yanajuaje pa kwenda.

Elisée alicheka. "Mayi haina rafiki. Inafwata mwenye anavuta sana. Leo mapompe ya mgodi njo inavuta, donc yote inakuya huku. Bakizima mapompe, inageuka. Inaenda Kimasala, parce que kule forage ya musikiti njo inavuta."

Forage ni kisima kile kirefu kinachochimbwa kwa mashine. Kimasala walikuwa nacho kimoja tu kilichokuwa na maji ya kutosha, cha msikiti, na mtaa mzima ulikunywa hapo, Waislamu na Wakristo.

Na aliyekuwa akikisimamia ni Papa Yassine.

Hapo ndipo Mounira alipokuwa akishikwa na baridi kila alipofikiri. Kwa sababu mjomba wake alikuwa na desturi yake. Maji ya udhu hayafai yakibadilika rangi, harufu au ladha, na tangu mgodi uchimbwe jirani, mzee hakuyaamini macho ya mtu mwingine. Kabla ya sala alifungua bomba yeye kwanza. Alikinga maji kiganjani, akayatazama. Akayanusa. Kisha akayaonja. Alipoona yako sawa ndipo aliposema watu watawadhe.

Kama sumu ingefika Kimasala, ulimi wa kwanza kuigusa ungekuwa wa Papa Yassine. Na sumu ya Brask haikuwa na rangi.

Hakimu mmoja alikuwa tayari kutia saini ya kuufunga mgodi, lakini alitaka mambo mawili. Lori likamatwe mpira wake wa kumwagia ukiwa ndani ya njia ya zamani, na aonyeshwe kwamba maji ya Kasombe yanafika Kimasala kweli. Kwa hilo la pili Mounira alibeba kopo la maziwa ya Nido ndani ya begi. Ndani ya kopo hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na unga mwekundu wa kupima njia ya maji, ule ambao ukiingia majini huyageuza kijani kinachong'aa. Haumdhuru mtu. Madaktari wa macho huutia jichoni mwa mgonjwa. Mpango ulikuwa kuumwaga katika njia ya zamani, kisha kungoja kuona utatokea wapi.

Mpango mzuri. Ungekwenda vizuri kama mwalimu wa maji asingekuwa amenunuliwa.

Elisée alikuwa anamngoja kwenye miti ya nyuma ya uzio, kama walivyopatana. Alikuwa anatoka jasho. Mounira aliliona jasho hilo, akadhani ni la woga wa kawaida, kwa sababu mtu wa vitabu hakuzoea kuruka nyaya. Akamtania kidogo. Elisée hakucheka.

Walishuka katika shimo la zamani, pana na lenye kina, ambalo chini yake njia ya wachimbaji iliingia ubavuni mwa jiwe. Mlango ulikuwa wa chuma, mzito, wenye komeo la nje na tundu la duara kwa juu, ukubwa wa sahani. Lori lilikuwa bado juu, kwenye geti, likimsubiri Brask.

Elisée alimwambia avue kofia, dari ni fupi. Akaipokea kofia kwa adabu, redio na yote. Akamwambia atangulie hadi mwisho, kwenye ufa, ndipo pa kumwaga.

Mounira aliwasha tochi yake ya Petzl, akatangulia.

Alikuwa amefika karibu na maji aliposikia chuma kinalia.

Alirudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Elisée."

Sauti yake ikaja kupitia tundu, ndogo, imekauka.

"Unisamehe, Mounira. Batoto yangu beko mu mikono ya Brask. Njo anabasomesha, kule Ulaya. Alisema banaweza kurudia ku nyumba ao hapana."

"Elisée, mujomba yangu anaonja ile mayi."

Hatua zake zilipanda juu kwenye kokoto, moja moja, mpaka zikapotea. Kofia alikuwa ameichukua. Kopo alilisahau, maana akili yake ilikuwa Ulaya.

Mounira alipiga mlango teke. Akaupiga bega. Akatoa Browning akailenga bawaba, halafu akaiteremsha; risasi kwenye chuma kinene ndani ya njia nyembamba hurudi kwa mwenyewe. Alitoa simu, Tecno yake mpya. Haikuwa na mtandao hata kidogo. Alinyoosha mkono hadi kwenye tundu akiwa ameishika nje, akangoja, akaivuta ndani. Hakuna. Shimo lilikuwa na kina mno.

Akaketi chini akashika kichwa. Tuseme ukweli, aliogopa. Watu hudhani jasusi haogopi. Jasusi huogopa kama wewe, ila hana wa kumlilia.

Alitulia kwanza. Akasikiliza.

Ukuta ulikuwa unanguruma. Ngurumo ya chini sana, inayosikika mifupani kuliko masikioni. Zilikuwa pampu za mgodi, upande wa pili wa jiwe, zikinyonya maji usiku na mchana ili machimbo yasifurike. Mounira aliteremka hadi kwenye maji mwisho wa njia, akavunja kibanzi cha mti kwenye nguzo ya zamani, akakitupa. Kibanzi kilielea polepole kuelekea kushoto. Kushoto ni mgodini.

Mayi inafwata mwenye anavuta.

Hapo ndipo ngurumo ilipokatika.

Ilikatika ghafla. Mounira alijikuta anasikia pumzi zake mwenyewe. Brask alikuwa amezima pampu, na kwa nini asizime? Alikuwa amewekewa mtu ndani ya chumba ambacho bila pampu kingejaa. Angeua ndege wawili kwa jiwe moja: maji yangegeuka kuelekea mtaani tayari kwa ajili ya tindikali, na njiani yangemzamisha Njiwa wa Idara. Baadaye wangesema msichana wa simu alikwenda kuiba nyaya, akateleza.

Maji yakaanza kupanda. Hayakuwa na haraka. Yalikuja kutoka chini, kwenye nyufa, safi na baridi kabisa, yakamlowesha viatu, kisha magoti.

Mounira aliangaza tochi kwenye kibanzi chake. Kilikuwa kimesimama.

Kisha kikaanza kurudi. Kilimpita taratibu kama mtu anayetembea kwenda kwake, kikaelekea kulia, kwenye giza la ufa mkubwa, kikamezwa.

Kulia ni Kimasala.

Akili yake ikafunguka. Sauti isingetoka humo ndani. Redio isingetoka. Yeye mwenyewe asingetoka. Lakini maji yalikuwa yanatoka, tena yalikuwa yanakwenda pale pale alipotaka, na waliokuwa wameyatuma ni maadui zake. Leo Ijumaa. Leo Waislamu wote wa Kimasala watatawadha kwa wakati mmoja, na pampu ya msikiti itavuta kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana walichagua Ijumaa. Elisée alipiga hesabu za kila kitu kilicho chini ya ardhi. Hakuuliza waliokuwa juu yake hufanya nini na maji kabla ya kuyatia usoni.

Alifungua kopo la Nido kwa meno.

Aliumwaga unga wote. Akaingia hadi kiunoni na kuukoroga kwa mikono miwili pale mdomoni mwa ufa. Chini ya tochi maji yaligeuka, yakawa ya kijani cha ajabu, yenye kung'aa, yakajikunja na kuingia ufani mkunjo baada ya mkunjo. Mounira aliyatazama yakienda mpaka tochi haikuweza kuyafuata tena.

"Fika mbele," aliyaambia kwa sauti. "Fika mbele ya ile ingine."

Kisha akabaki na kazi ya pili. Alivunja nguzo moja ya mti kwa mateke, mti mgumu wa msituni, akauburuta mpaka mlangoni, akaketi juu ya jiwe chini ya tundu. Maji yalimfuata. Alikaa humo kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuupima baadaye. Tochi ilianza kufifia, akaizima ili kuitunza. Meno yalimgongana. Alimfikiria mjomba wake akivaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, akinung'unika kwamba binti anayeuza simu hapati hata muda wa kupiga simu.

Alitamani sana kumpigia.

Msikitini Kimasala, jua lilikuwa limesimama utosini. Watu walikuwa wamejipanga kwenye mabomba, mikono ya kanzu imekunjwa, wakipiga soga. Pampu ililia. Papa Yassine alifika na fimbo yake ambayo haimsaidii kutembea, akawataka radhi vijana, akafungua bomba la kwanza.

Akakinga kiganja.

Alikitazama kiganja hicho muda mrefu. Akakimwaga, akakinga tena. Jirani yake, Idriss mwuza vitambaa, akasema labda ni sabuni iliyoingia kwenye bomba. Papa Yassine alikinyanyua kiganja kwenye jua, na kila mtu akayaona: maji ya kijani, yanang'aa, kwenye mkono wa mzee.

Hakuyanusa. Hakuyaonja. Alifunga bomba.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikatoka kwenye honi zote nne za mnara, ikaenda juu ya mabati ya Kimasala, juu ya kanisa, juu ya soko, juu ya vilima vya mchanga wa mgodi.

"Bandugu, mayi ya leo haiko ya kutawaza. Imebadirisha langi, iko sawa majani. Ya kunywa pia hapana. Ba mama, mumwange yote. Ya sala tutafanya tayamamu na udongo."

Wanaume wa Kimasala wakatoka nje wakapiga viganja vyao kwenye udongo mwekundu wa Katanga, wakajipaka usoni na mikononi, kama inavyoruhusiwa maji yanapokosekana. Wanawake wakamwaga ndoo. Maji ya kijani yakatiririka kwenye mitaro, watoto wakayashangilia.

Chini ya kivuli cha ukuta wa shule, ndani ya Land Cruiser, Mkuu Chola alikuwa anakula karanga. Alikuwa anazila kwa hasira. Njiwa alikuwa kimya tangu asubuhi, na alipomwita redioni, mtu alikuwa amezima. Angeivamia Kasombe bila ishara, lori lingekuwa limepotea njia tu, na hakimu angemcheka. Angengoja, labda angeokota maiti. Alikuwa katikati ya mawazo hayo aliposikia kipaza sauti.

Iko sawa majani.

Karanga zikamwagika. Kulikuwa na kitu kimoja tu Katanga nzima ambacho kingeweza kuyapaka maji ya Kimasala rangi hiyo, na kilikuwa ndani ya kopo la Nido kwenye begi la Mounira. Kama rangi ilikuwa hapa, basi aliyeimwaga alikuwa ndani ya njia ya zamani. Na kama asingekuwa amefungiwa, angekuwa amesema.

"Démarre," alimwambia dereva. "Haraka."

Mounira alikuwa na maji kifuani aliposikia injini.

Lori lilishuka kwenye shimo kwa gia nzito, likasimama. Milango ikafunguka. Sauti ya Brask, tulivu, Kifaransa cha kigeni. Sauti ya Elisée, ambayo haikuwa sauti tena. Kisha kitu kikakwaruza chuma, na mwanga wa tundu ukazibika.

Mpira mnene mweusi ulianza kuingia.

Mounira aliusubiri uingie kiasi cha mkono. Kisha aliuinua ule mti, akauweka kwenye mdomo wa mpira, akaegemeza mgongo kwenye jiwe na kusukuma kwa miguu yote miwili. Mpira ukarudi. Wakausukuma tena kwa nje. Akajikaza, mishipa ya shingo ikamtoka, akausukuma. Mpira ukatoka kabisa, na yeye akalipachika gogo ndani ya tundu, akaligonga kwa jiwe mpaka likakwama.

Sasa hakukuwa na hata mwanga. Hakukuwa na hewa mpya. Alikuwa amejifungia mwenyewe.

Nje, Brask alisema jambo fupi. Elisée akamjibu kwamba kuna mti umeanguka ndani, lazima ni nguzo za zamani, na kwamba maji yamejaa nyuma ya mlango, haifai kuufungua. Brask akasema ufunguliwe.

Na hapo upepo ukaileta ile sauti. Ilikuja vipande vipande kutoka juu ya vilima vya mchanga, sauti ya mzee anayerudia tangazo lake kwa waliochelewa. Mayi ya leo. Imebadirisha langi. Sawa majani.

Elisée alisimama na komeo mkononi. Yeye ndiye aliyeuchagua unga huo. Yeye ndiye aliyeupima. Alijua kuliko mtu yeyote duniani maana ya maji ya kijani Kimasala: ufa upo, njia ipo, mtaa mzima umeiona kwa macho, na hakuna karatasi ya kampuni itakayoifuta tena.

"Patron," alisema, "mambo bilisha kwisha. Bantu bote banajua."

Brask alitoa bastola, Glock mpya, akaielekeza kwenye tumbo la mwalimu.

"Ouvre."

Elisée akavuta komeo.

Mlango haukufunguliwa, ulirushwa. Maji yaliyokuwa yamelundikana nyuma yake yalitoka kwa mkupuo mmoja, ya kijani toka juu hadi chini, yakambeba Mounira, yakambeba Elisée, na ukingo wa chuma ukampiga Brask begani akaanguka chali kwenye tope. Miwani ilikwenda upande wake. Glock ikaenda upande wake.

Mounira alisimama wa kwanza. Mwanga ulimchoma macho. Alimwona Brask akitambaa, si kuelekea kwenye bastola bali kuelekea kwenye gurudumu la bomba la tangi. Mpira ulikuwa bado umelala kwenye mteremko, mdomo wake ukiangalia mlango uliokuwa wazi.

Alilenga. Akabonyeza.

Tik.

Maji yalikuwa yameingia kwenye risasi.

Alivuta mfuniko wa Browning, akaitoa risasi mbovu, ikaanguka. Brask alikuwa amelishika gurudumu. Akalenga tena.

Safari hii shimo zima liliitika. Risasi iligonga chuma karibu na vidole vya Brask, naye akaviondoa upesi kama mtoto aliyegusa sufuria ya moto.

"Toka hapo," Mounira alisema. "Polepole."

Brask alitoka polepole. Dereva wa lori alikuwa ameshapanda nusu ya mteremko wa shimo, akakutana uso kwa uso na Land Cruiser ya Mkuu Chola. Akainua mikono bila kuombwa.

Chola alishuka akihema. Alitazama lori, mpira, tundu lenye gogo, maji ya kijani yanayochuruzika kila mahali. Akamtazama Mounira.

"Ulipaswa kusema nguo imekauka."

"Haikukauka, Mukubwa."

Chola alikohoa ili asicheke. Akaamuru pampu za mgodi ziwashwe mara moja, maji yarudi upande wa Kasombe, na zisizimwe mpaka hakimu aseme. Brask akafungwa pingu na kusema atampigia balozi wake. Akaambiwa duka la simu lipo.

Elisée alikuwa ameketi kwenye kokoto, kijani hadi nyusi. Mounira alisimama mbele yake. Alitaka kumpiga, kwa kweli alitaka, mkono ulikuwa umeshakunjwa ngumi.

"Mujomba yako," Elisée aliuliza bila kuinua kichwa. "Alionja?"

Mounira hakujua. Hilo ndilo lililomfanya ageuke na kukimbilia pikipiki yake.

Kimasala alikuta sala imekwisha na watu wametawanyika. Alivua kofia aliyopewa na Chola, yenye kiredio cha akiba, akaiacha juu ya Boxer, akaingia uani mwa msikiti. Miguu ilikuwa mizito kuliko ilivyokuwa ndani ya maji.

Papa Yassine alikuwa ameketi kwenye ngazi, peke yake, akiyalinda mabomba yaliyofungwa. Vumbi jekundu la tayamamu lilikuwa bado usoni na mikononi mwake. Alimwona binti yake akija amelowa, jinzi imechanika, nywele zimejaa mchanga wa mgodi. Akaitazama mikono ya binti. Ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko, kijani kile kile.

Ungeweza kuyaona mambo yakijipanga kichwani mwa mzee, moja baada ya jingine: duka, simu ambazo hazipigwi, safari za ghafla.

"Kule mu magasin ya téléphone," alisema mwishowe, "banauzisha langi pia?"

"Leo tu, Mujomba."

"Bon."

Alichukua kibuyu cha maji yaliyoletwa kutoka mjini, akammiminia mikononi. Mounira alisugua. Rangi haikutoka. Mzee akammiminia tena, na bado haikutoka, akaacha.

"Sikuonja," alisema. "Niliona langi, nikaacha. Kama ingekuwa nyeupe, ningeonja."

Mounira aliyekaa ndani ya jiwe bila kutoa chozi, sasa macho yalimjaa mbele ya mabomba ya msikiti, mchana kweupe, na hakuwa na kofia ya kuyafichia. Aliweka mkono begani mwa mjomba wake, akauacha hapo muda kidogo.

Kule kwenye pikipiki kiredio cha akiba kilikoroma.

"Njiwa? Njiwa, uko wapi?"

Aliondoa mkono. Akatembea hadi kwenye Boxer bila haraka, akavaa kofia, akawasha. Alipofika kwenye kona hakugeuka nyuma.

Idriss mwuza vitambaa alitoka dukani kuja kuuliza habari. Badala yake alisimama, akanyoosha kidole kwenye bega la Papa Yassine. Kanzu nyeupe ya Ijumaa ilikuwa na alama ya vidole vitano, kijani kinachong'aa. Akasema kanzu imechafuka, aivue, mkewe ataifua na limao.

"Leka," alisema Papa Yassine. "Iko safi."